Baiskeli ya Lami Imebaki Moja

Mbuzi alifunga koki kubwa ya maji, akamwambia mama mwenye nyumba kwamba anafuata spea, akatoka mbio na ovaroli lake na spana mfukoni. Spea yenyewe ilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya sinki. Alichokifuata ni baiskeli.

Mbuzi ni jina alilobandikwa na wenzake wa milimani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipanda mawe na kushuka makorongo kwa baiskeli ya matairi manene, na magoti yake yalikuwa na makovu ya kutosha watu watatu. Lami aliidharau. Barabara iliyonyooka, alikuwa akisema, ni ya watu wanaowahi kazini.

Mpaka mwezi uliopita, mume wa dada yake alipomwalika waendeshe pamoja kwenye lami hadi nyumbani kwao. Yale matairi manene yaliunguruma njia nzima kama nyuki ndani ya kopo. Mbuzi alipofika, shemeji alikuwa ameshaoga, ameshakula, na ndiyo kwanza anaamka usingizini. Familia ilicheka mpaka dada yake akakaa chini. Mbuzi akaapa mbele ya wote kwamba watakaporudia safari hiyo, shemeji ndiye atakayekula vumbi. Marudio yalikuwa Jumapili, na leo ni Ijumaa.

Asubuhi alipiga simu dukani. Sauti nzito ikamjibu kwamba baiskeli ya lami ya kipimo chake imebaki moja tu, na kwamba kuna mtu mwingine amepiga simu dakika tano zilizopita akiitaka hiyo hiyo. Kuwekeana hakuna. Atakayewahi ndiye atakayeondoka nayo.

Alipoingia dukani aliiona palepale, nyekundu, imeegemea stendi yake, wala haina mwenyewe. Furaha ikampanda mpaka masikioni. Kando yake alikuwa amechuchumaa dada mmoja akibonyeza tairi kwa kidole gumba, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni na vipande vya uzi wa cherehani vimemganda sketini. Muuzaji anayeijua kazi yake, Mbuzi akajisemea.

Akauliza, huku akihema, kama hii ndiyo ile ya simu ya asubuhi. Dada akageuka, akalitazama ovaroli, akaitazama spana, uso ukamkunjuka.

"Ndiyo hii," akasema. "Nimeikagua juu mpaka chini. Haina doa."

Kwa mazoea ya mlimani Mbuzi akaukandamiza usukani, akisubiri springi za mbele zibonyee. Hazikubonyea, kwa kuwa hazikuwapo. Akacheka peke yake. Akainyanyua baiskeli nzima kwa vidole viwili, akacheka tena. Dada akamuuliza kama mtu aliyezoea milima hataumwa mgongo kwa usukani ulioinama hivi. Mbuzi akajua anapimwa akili, akamjibu kwa uhakika wote wa jambo alilolisoma juzi: wiki mbili tu, mgongo unazoea. Dada akashusha pumzi. Akasema yeye mwenyewe ni mtu wa milimani, huu ni mwaka wake wa kumi na mbili, na lami ilikuwa inamtia hofu.

Mbuzi nusura amkumbatie. Madukani wamejaa wauzaji wasiojua jiwe wala tope, na yeye leo kaangukia huyu.

"Tuanze na kupima mguu?" dada akauliza.

Mbuzi akasimama wima kama mlingoti. Dada akasita kidogo, akamtazama, kisha akaivuta tepu na kumpima kutoka kiunoni hadi kisigino kwa mkono uliozoea. Sentimita mia moja na tatu. Halafu akampa Mbuzi tepu na kusimama yeye. Mbuzi alishangaa, ila akafikiri ndivyo maduka ya siku hizi yanavyofanya, mteja afundishwe kupima asije akadanganywa kwingine. Akampima kwa heshima zote. Naye mia moja na tatu.

Wakapokezana kuipanda, mmoja juu, mwingine ameshikilia. Mbuzi alipokaa aliinama, akafumba macho, akamwona shemeji anabaki nyuma, mdogo, mdogo zaidi, nukta. Dada alipokaa alikanyaga pedali kinyumenyume, mnyororo ukaimba, naye akacheka kama aliyepewa likizo. Zamu yake ilikuwa ndefu, lakini Mbuzi hakuona tatizo, maana muuzaji anayeipenda bidhaa yake ni baraka.

Ndipo akamkumbuka yule mtu mwingine.

"Tumalize haraka," akamwambia. "Kuna mtu anaitaka hii, na anaweza kuingia wakati wowote."

"Hata mimi nimeambiwa," dada akasema. "Tangu niingie jicho langu liko mlangoni."

"Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako."

Wakaangua kicheko. Wakamfikiria maskini wa watu anavyokuja mbio na jasho lake, ameacha kazi zake, aje akute stendi tupu. Mbuzi alimwonea huruma, kwa muda wa kwikwi moja hivi. Kisha likamjia wazo la kuificha kabisa, na dada akaliunga mkono kabla hajalimaliza. Kule ndani kulikuwa na pazia. Mbuzi akashika usukani, dada akashika tandiko, wakaenda kwa kunyata, mbavu zikiwauma kwa kucheka.

Pazia likafunguka kabla hawajaligusa. Akatokea mzee mnene mwenye gilasi ya chai mkononi, na ile sauti nzito ya kwenye simu.

"Samahani, wateja wangu, nilikuwa nashushia mkate," akasema. "Ninyi ndio wawili mlionipigia asubuhi, sivyo? Naona mmeshafahamiana. Haya, nani kamuwahi mwenzake?"