Umeonja, Mingo?

Ulimi wangu, msicheke, uliweza kuonja maji ya mto ukajua mwezi wa angani una siku ngapi. Ndiyo maana bwana aliyenimiliki huko Karolina Kusini alinipa kazi ya kulinda mlango wa mbao unaoinuliwa kuingiza maji ya mto kwenye shamba lake la mpunga. Bahari ikipanda, mto huingia chumvi, na chumvi huua shamba.

Vita vya kukomesha utumwa vilipofika nikatoroka, na siku moja nilirudi na koti la bluu la jeshi la Kaskazini, bunduki begani. Bwana alikuwa kwenye tuta, mikono imefungwa, akingoja boti ya mateka. Akaniona nimeshika mlango.

"Mingo! Bahari imepanda! Umeonja?"

Kaka yangu alisahau kuonja mara moja tu. Bwana alimfunga kwenye nguzo hii hii ya mlango, maji yakapanda mpaka yakampita kichwa. Kamba yake ilikuwa imechimba mfereji kwenye nguzo. Kidole changu kiliingia chote.

Nikachota kwa kiganja, nikasukutua taratibu. Midomo ikaniwasha kwa chumvi.

"Mingo, mwanangu, vipi?"

"Matamu, bwana," nikasema, nikauinua mlango hadi juu.