Mlingoti Umenitaja

Siku hizi ufukweni kwetu huingii majini mpaka mlingoti wa vipaza sauti ukutaje jina. Kila asubuhi unasema upepo ukoje, wimbi lina kimo gani, nani aingie na atoke saa ngapi. Unayajua magoti yetu kuliko sisi wenyewe.

Mimi mpaka juzi ulikuwa mwaka wa tatu haujanitaja. Kila siku nilikwenda na kanga yangu ya kuogea, nikakaa mchangani, nikarudi nayo kavu.

Jana mjukuu wangu Salha, anayepanda mawimbi kwa ubao, akanitania: "Mke mwenzangu, mlingoti umekusahau."

"Hausahau huo," nikamwambia. "Unanionea wivu."

Hapo ukasema. Upepo mwepesi, wimbi kimo cha goti. Salha binti Haji aingie, atoke saa nne. Mize binti Khatibu aingie.

Tukangoja saa yangu. Haikutajwa.

"Bibi, tusubiri useme tena," Salha akanong'ona. "Kila mtu hupewa saa ya kutoka."

"Nimesubiri vya kutosha, mwanangu."

Nikajifunga kanga, nikamshika mkono. Wimbi la kwanza likanipiga gotini, la pili kiunoni, nikacheka mpaka nikameza chumvi.

Saa nne mlingoti ukamwita Salha. Akanitazama asiondoke.

"Nenda, mke mwenzangu. Mimi sijaitwa."

Akatoka, lakini hakwenda mbali. Alikaa pale povu linapoishia, miguu ndani ya maji, akaningoja.