Nusu Kichwa Mpaka Ng'ambo

Mteja alivuka barabara kuu akiwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Upande wa pili ulikuwa bado kichaka, na madereva walipunguza mwendo ili wamcheke vizuri. Alipofika ng'ambo aligeuka, akavuka tena, akarudi kuketi kwenye kiti cha kinyozi.

"Safi kabisa," kinyozi alimwambia huku akiwasha mashine. "Vuka mara moja zaidi, ndevu ni bure."

Kinyozi hakuwa amerukwa na akili. Ng'ambo ya barabara tajiri mmoja alitaka kujenga maduka makubwa, na watu wa mipango miji walimkubalia kwa masharti. Ajenge nyuma ya hifadhi ya barabara, tena alipie mwenyewe daraja la waenda kwa miguu na ukuta mrefu wa katikati, ili mtu asikatize chini tena. Daraja lingewekwa pale wanapovuka watu wengi zaidi. Atakayeachwa mbali nalo angebaki kunyoa kioo chake, na kinyozi alikuwa na watoto wa kulisha na mkono usiojua kazi nyingine.

Kwa hiyo dada wa mipango miji aliketi kando ya barabara chini ya mwavuli, akibonyeza kidude cha kuhesabia kila mtu alipokanyaga lami, na kuandika ametokea mlango upi. Vile vichwa nusu aliviona. Alicheka, akabonyeza. Sheria haikusema mvukaji awe amenyolewa kiasi gani.

Tatizo la kinyozi lilikuwa shemeji yake. Mjane wa kaka yake alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilipakana na la kinyozi, ukuta mmoja. Jengo lote liliachwa na mzee wao, likagawanywa katikati, na tangu hapo wawili hao waligombea hata kivuli cha paa. Shemeji naye hakulala. Alimpima mteja kiuno, akamtuma ng'ambo kuchagua vifungo, akirudi ndipo anampima kifua. Watu walipishana mlangoni pake kama siafu.

"Shemeji, unanimaliza!" kinyozi alilalamika.

"Wewe nyoa, mimi nishone. Barabara hii uliachiwa wewe?"

Siku iliyofuata shemeji alimpelekea dada wa mipango maji ya kunywa. Kinyozi alitoa shingo nje asikie, lakini lori likapita na kumeza maneno yote. Alichoona ni shemeji akiuliza jambo, na dada akimjibu kwa kidole, kwanza juu, halafu chini. Shemeji alirudi akicheka peke yake.

Kuanzia saa hiyo mambo yaligeuka. Mteja yeyote aliyetoka kwa fundi alisikia sauti ikimfuata: "Vukia kwa shemeji! Mlangoni kwa shemeji, jamani, msinitie aibu!" Aliyejaribu kuvukia kwake alivutwa shati.

Kinyozi alishindwa kuvumilia, akamfuata. "Shemeji, vipi tena? Umekata tamaa?"

"Tugombane mpaka lini? Wewe ndiye mwanamume uliyebaki katika nyumba hii. Daraja likae kwako, mimi nitaokota makombo hapa pembeni."

Kinyozi aliona haya. Miaka yote alikuwa akimwita mchoyo, mara nyingine hadharani, na leo mchoyo huyo anampa ridhiki yake mkononi. Aliporudi nyumbani alimsimulia mkewe, machozi yakimlengalenga.

Mkewe hakuacha kukunja nguo. "Shemeji yako huyu huyu? Aliyekudai msumari?"

"Watu hubadilika, mama watoto."

"Haya. Lakini hicho kicheko chake mimi nakijua."

Wiki ilipokwisha, dada wa mipango alikunja mwavuli na kutangaza kwamba mlango wa kinyozi umeshinda, tena kwa mbali. Kinyozi aliruka mpaka kofia ikamdondoka. "Mungu si Athumani!" alipaza sauti. Alimwamkia kila mpita njia, akaagiza bango jipya lenye maandishi makubwa, Kinyozi wa Darajani, na jioni akamnyoa jirani bila malipo, kichwa kizima. Shemeji alimpongeza kwa vigelegele.

Asubuhi mhandisi alikuja na kopo la rangi nyekundu. Kinyozi alimpokea akiwa amevaa koti lake la harusi. Mhandisi alimpa mkono, akapitiliza ndani, akasogeza kiti cha kunyolea, akapiga alama kubwa ya msalaba sakafuni.

"Sasa bwana, hapo mteja ataketi wapi?" kinyozi aliuliza, bado anatabasamu.

"Mteja? Hapa ndipo inapokanyaga ngazi, mzee. Daraja halining'inii hewani. Tajiri atakulipa fidia, ila uwe umehama kabla ya mwisho wa mwezi."

Shemeji alichungulia mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. "Usihuzunike, shemeji," alisema kwa upole. "Kila atakayeshuka ngazi, nitamwelekeza ulikohamia."