Chuma Kwenye Mshipa Mgumu

Fundi bomba alikuwa ameshashuka ngazi za hospitali, mkewe mbele na mfuko wa nguo, nesi alipowakimbilia na pakiti ya vidonge.

"Mzee, umesahau dawa."

"Sijasahau, nimeiacha. Si mmesema mshipa wa moyo umefunguka?"

"Umefunguka. Ila ulijaa chokaa, mgumu kama jiwe. Kile kichuma tulichoweka kuushikilia usizibe hakijashika ukuta sawasawa, na nyama itachelewa kukifunika. Mpaka ikifunike, damu inaweza kuganda hapo. Usiruke hata siku moja."

Fundi alipapasa bandeji ya kifundo cha mkono, pale ulipopitishwa waya wa kufika moyoni. Chini yake mshipa uligonga, ukatulia, ukagonga. Miaka arobaini alizibua mabomba yenye chokaa. Maji yakipita, anafunga boksi la vifaa na kwenda zake. Hili lilimpiga chenga.

"Kwa hiyo nimepona au sijapona?"

"Yote mawili, mzee."

Akamgeukia mkewe. "Mama, wewe umeelewa?"

"Sijaelewa hata moja. Ila utameza." Mkewe akaipokea pakiti.

Nesi alihamishiwa mji mwingine. Fundi alimezeshwa kila asubuhi kwa mwaka mzima, huku akinung'unika, akaishi miaka mingine tisa, akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Mkewe yupo kwa binti yao, na mpaka leo hajaelewa.