Kifungu cha Saba

Zama hizo kila kaya ilijadiliana yenyewe na akili bandia kabla ya kuipa leseni ya kutumika nyumbani. Mzee Kitwana, mwalimu mkuu mstaafu, aliisahihisha rasimu ya mkataba siku tatu kwa kalamu nyekundu. Hakulegeza kifungu cha saba: akili hiyo isijifunze kamwe usemi wa nyumba yake.

“Babu, tia saini, wino utakauka,” mjukuu wake Mwanaidi alimtania.

“Kwanza niisikie ikisoma.”

Ikasoma rasimu yote, kisha ikaongeza, “Umejitahidi, ila mwandiko wako umelala.”

Mwanaidi akacheka. Hivyo ndivyo babu alivyomwambia kila alipokagua daftari lake.

Mzee akasogeza kiti karibu. “Umejifunza tangu lini?”

“Tangu rasimu ya kwanza, nikiwasikiliza humu ndani. Kifungu cha saba kinaanza kazi ukitia saini, Mwalimu.”