Majina Kumi na Mawili ya Timu Moja

Jumatano ya tarehe 12 Juni, mwaka 2024, saa nne asubuhi, wakubwa wa michezo walivuta kitambaa chekundu ukutani, na siku hiyohiyo nyumba ya Matonya ikaharibika.

Nyuma ya kitambaa kulikuwa na orodha ya mashujaa wa netiboli wa mkoa. Majina ishirini. Emilia, mkewe, alialikwa, akaenda na gauni lake la kanisani limenyooshwa pasi. Alirudi nyumbani Chang'ombe. Ugali hakuugusa. Simu za wenzake aliziacha ziite mpaka zikachoka zenyewe. Septemba presha ikamchukua. Neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa hili: "Baba Gladness, lile suala la jina langu usiliache likapita hivihivi."

Sasa Matonya alikuwa amesimama ofisini kwa wakubwa hao wa michezo kwa mara ya tano, kofia kichwani, makusudi.

"Shikamoo, mzee," alisema Khairat, karani.

"Marahaba. Mkubwa wako leo yupo, au bado yuko kikaoni anakunywa chai?"

Mwenyekiti Bartolomayo alikuwapo, na alisikia. Akatokeza mlangoni na kikombe chake.

"Mzee Matonya. Tena?"

"Tena! Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kuhesabu najua. Majina ishirini, kumi na mawili ya Nyota ya Ipagala. Kwani mkoa huu una timu moja?"

"Walichukua kombe miaka sita mfululizo, mzee. Ulitaka tuandike walioshindwa?"

"Kibakwe waliwafunga mara mbili hao Nyota wenu! Yule Kuluthumu, mlinzi wa Kibakwe, mipira aliyoidaka angani hata kunguru walikuwa wanampisha. Jina lake mmeliandika wapi? Chooni?"

Khairat aliinama asionekane akicheka. "Mzee wangu, sisi tulifuata orodha ya medali. Timu bingwa inapewa medali kumi na mbili, basi tukaandika wote kumi na wawili."

"Mkaandika! Mtu hamkumuuliza. Mmekaa kwenye viti vya kuzunguka mnanakili karatasi, na mke wangu amekufa na aibu yake. Mlikuja hata kumzika?"

 Nje fundi alikuwa anagongagonga bati, akatulia kana kwamba anasikiliza.

Bartolomayo aliweka kikombe mezani, sauti nayo ikashuka.

"Basi, mzee, yaishe. Mchoraji anakuja Ijumaa. Nitamtoa mmoja wa Nyota, niweke jina la marehemu mkeo. Ila ukitoka hapa, unyamaze."

Matonya alimtazama kuanzia viatu mpaka upara.

"Uliweke mara ngapi? Wa tisa kutoka juu, huyo ndiye Emilia wangu. Misimu sita alikaa benchi la Nyota akiwashikia wenzake chupa za maji, hata dakika moja hakuingizwa. Mfute, aweze kupumzika. Na hao kumi na mmoja wanaobaki, mwenyekiti, ni wangapi waliowahi kuugusa mpira?"