Sumaku ya Kibwana

Tuseme ukweli: siku hiyo mjinga alikuwa Kibwana, pamoja na ufundi wake wote wa baiskeli. Dada yake Mwanaidi, msambaza mikate aliyevunjika mguu, alikuwa amebakiza wiki moja kumwonyesha mwenye tanuri kwamba bado anaupanda kwa baiskeli mlima wa kupeleka mikate, la sivyo kazi apewe mtu mwingine. Kibwana akamfungia baiskeli ukumbini, isiyokwenda popote, aifanyie mazoezi. Gurudumu la nyuma lilizungusha sahani ya alumini, na kando yake palikuwa na sumaku. Haikuigusa sahani, lakini kila iliposogezwa karibu, pedali zilikuwa nzito kama mtu anakanyaga tope.

Siku hiyo Mwanaidi alikanyaga saa nzima huku akiimba.

"Unaona, dada? Umepona!"

Mwanaidi akaacha kuimba. Akashuka, akainama, akaikuta sumaku imerudishwa nyuma vidole vinne.

"Nani kaisogeza hii?"

"Mimi. Jana ulilia, nikakuonea huruma."

"Nililia, lakini nilishuka?"

"Hukushuka."

"Basi irudishe karibu." Akapanda tena, akakunja kanga kiunoni.

"Dada, utaumia bure."

"Na mlima je, Kibwana, nao umeusogeza?"